Vyoo vya Vijijini India na Suala la Shimo



Tarehe 2 Oktoba 2019, ukingoni mwa mto Sabarmati mjini Ahmedabad, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alisimama mbele ya wakuu wa vijiji wapatao 20,000 waliokusanywa kutoka kila pembe ya nchi hiyo, akatangaza kwamba vijiji vya India vimeondokana na desturi ya watu kwenda haja vichakani na mashambani. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ilikuwa imetimia miaka 150 tangu azaliwe Mahatma Gandhi, na miaka mitano kamili tangu Bwana Modi mwenyewe ashike ufagio mjini Delhi na kuanzisha mpango ulioitwa Swachh Bharat, yaani India Safi.

Kwa hesabu za serikali ya India, katika miaka hiyo mitano vilijengwa vijijini vyoo zaidi ya milioni 100. Mwaka 2014, kwa hesabu hizo hizo, nyumba za vijijini zenye choo hazikufika 4 katika kila 10. Mwaka 2019 ikasemwa kwamba kila nyumba inacho. Hata mtu mwenye mashaka na hesabu hizo, na mashaka yenyewe tutayaeleza punde, hawezi kukana kwamba kazi iliyofanyika ni kubwa mno. Ni vigumu kuikumbuka serikali nyingine yoyote iliyochimba mashimo mengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho.

Bwana Modi astahili sifa pia kwa jambo ambalo wakubwa wengi hulikwepa. Katika hotuba yake ya kwanza ya sikukuu ya uhuru, tarehe 15 Agosti 2014, akiwa juu ya Ngome Nyekundu ya Delhi, mahali ambapo mawaziri wakuu wa India huzungumzia ulinzi wa mipaka na heshima ya taifa, yeye alizungumzia choo. Alieleza habari za mwanamke wa kijijini ambaye hulazimika kuvumilia mchana kutwa, akingojea giza liingie ndipo apate kujisaidia. Wako waliocheka, na wako walioona haya. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, na mamilioni ya wanawake waliomsikia walijua kwamba anasema juu yao: juu ya maumivu ya kujizuia, juu ya kunywa maji kidogo ili haja isije mapema, juu ya hofu ya nyoka njiani na ya wanaume walio wabaya kuliko nyoka.

Madhara yake kwa afya hayahitaji maelezo marefu. Kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi hurudi nyumbani kwa njia ya miguu ya watoto, ya nzi, ya visima na ya mboga. Watoto huhara, hupata minyoo, na hata wasipokufa miili yao hudumaa. Jambo hili huwa baya zaidi mahali ambapo watu wanaishi kwa kubanana, na vijiji vya bonde la mto Ganges vimebanana kupita miji mingi ya nchi nyingine. Huko hakuna kichaka kilicho mbali na mlango wa mtu. Kichaka cha huyu ndicho uwanja wa yule.

Isidhaniwe, ndugu wasikilizaji, kwamba India ilianza kujenga vyoo mwaka 2014. Mpango wa kwanza wa serikali kuu kuhusu usafi wa vijijini ulianzishwa mwaka 1986. Ukaonekana hautoshi, na mwaka 1999 ukaletwa mpango mwingine uliotilia mkazo elimu zaidi kuliko fedha. Baadaye ikabuniwa tuzo, ikawa kijiji kitakachomaliza kazi kinapewa zawadi ya fedha na heshima kubwa. Zawadi zikatolewa kwa maelfu ya vijiji. Baada ya muda vingi kati yake vikaonekana vimerudia hali ya zamani. Mwaka 2012 mpango ukapewa jina jipya. Kila mara takwimu za wizara zilionyesha maendeleo mazuri. Ndipo ilipofanywa sensa ya mwaka 2011, ambamo wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, na ikagunduliwa kwamba nyumba za vijijini zenye choo zilikuwa asilimia 31 tu, ilhali wizara ilikuwa imekwisha kuhesabu zaidi ya maradufu ya hizo. Mamilioni ya vyoo vilikuwako katika vitabu na havikuwako ardhini. Vingine vilijengwa vikabomoka. Vingine vikawa ghala la kuni na nyasi za ng'ombe. Na vingine havikujengwa kamwe isipokuwa kwa kalamu.

Waliotunga mpango wa mwaka 2014 walilijua kosa hilo, na kwa sehemu walijitahidi kulikwepa. Kila nyumba iliyostahili iliahidiwa ruzuku ya rupia 12,000, serikali kuu ikitoa sehemu kubwa na serikali ya jimbo ikitoa iliyobaki. Ruzuku aghalabu ililipwa baada ya choo kujengwa, na kila choo kilipigwa picha yenye alama ya mahali kilipo, ili kisihesabiwe kile ambacho hakipo. Walioandikwa kuhamasisha wenzao vijijini walifika mamia ya maelfu. Katika jimbo la Jharkhand, maelfu ya wanawake walifundishwa uashi wakajenga vyoo wao wenyewe. Na mwanamke kushika mwiko wa saruji mbele ya wanaume wa kijiji chake ni jambo ambalo huko halikuwa dogo. Wacheza sinema mashuhuri walitumiwa kuwahimiza wanaume, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba wanaume ndio wagumu.

Mpango mzuri, basi. Je, ulifaulu kwa kiasi gani?

Hapa ndipo inapotubidi kuziweka hesabu mbili kando kwa kando. Katika nusu ya pili ya mwaka 2018 idara ya takwimu ya serikali hiyo hiyo ya India ilifanya uchunguzi wake yenyewe, ikaona kwamba nyumba zipatazo 29 katika kila 100 vijijini hazikuwa na choo cha kutumia. Wizara iliyosimamia mpango, kwa wakati huo huo, ilikuwa ikisema waliobaki ni wachache sana. Uchunguzi mwingine mkubwa wa taifa kuhusu afya ya familia, uliofanywa kati ya mwaka 2019 na 2021, yaani mwanzo wake ukiwa karibu na tangazo la Ahmedabad na mwisho wake baada ya tangazo hilo, ulionyesha kwamba asilimia 19 ya nyumba zote za India, mijini na vijijini pamoja, zilikuwa bado hazitumii choo chochote. Kwa vijijini peke yake ilikuwa kama robo ya nyumba zote.

Mtu anaweza kuzitazama takwimu hizo akasema kwamba tangazo lilikuwa uongo. Mwingine anaweza kuzitazama akakumbuka kwamba uchunguzi kama huo wa mwaka 2015 na 2016 ulitaja asilimia 39, na kupunguza balaa kwa nusu katika miaka michache si kazi ya mchezo. Wote wawili wana haki. Katika mwaka 2024 wataalamu walichapisha utafiti uliokadiria kwamba vyoo hivyo huenda vimeokoa kila mwaka maisha ya watoto wachanga kati ya 60,000 na 70,000. Mzazi ambaye mtoto wake ni mmoja wa hao hana haja ya kujua kama tangazo lilitiwa chumvi au la. Lakini kwa nchi jambo hili lina uzito, kwa kuwa pale serikali inapotangaza kwamba kazi imekwisha, yule ambaye hakufikiwa hugeuka kuwa mtu asiyekuwako.

Na liko jambo zito zaidi ya hilo la kuhesabu. Kuwa na choo ni kitu kimoja, na kukitumia ni kitu kingine. Kabla ya Swachh Bharat kuanza, watafiti walipita katika majimbo matano ya kaskazini ya India wakawauliza watu swali ambalo serikali haikuzoea kuuliza. Hawakuuliza kama nyumba ina choo. Waliuliza kila mtu wa nyumba hiyo anakwenda haja wapi. Wakaona kwamba katika nyumba zaidi ya 40 kwa kila 100 zenye choo, alikuwako angalau mtu mmoja anayeendelea kwenda shambani. Walipowauliza sababu, wengi hawakuona haya kuitoa: hewa ya asubuhi ni nzuri, kutembea kunaupa mwili nguvu, na choo kilicho karibu na jiko huinajisi nyumba. Watafiti hao walirudi mwaka 2018 katika majimbo manne, wakakuta kwamba wanaokwenda shambani wamepungua kutoka watu 70 hivi hadi 44 kwa kila 100. Lakini miongoni mwa watu wenye choo nyumbani, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa bado anakwenda shambani, kama ilivyokuwa zamani. Kwa maneno mengine, waliopungua walipungua kwa sababu vyoo vimeongezeka. Nyoyo za wenye vyoo hazikubadilika sana.

Umuhimu wa jambo hilo ulikuwa umekwisha kuonekana katika jimbo la Odisha. Huko, kati ya mwaka 2010 na 2013, watafiti walivifuatilia vijiji 100. Nusu ya vijiji hivyo vilijengewa vyoo chini ya mpango uliokuwako wakati huo, na nyumba zenye choo zikapanda kutoka 9 hadi 63 kwa kila 100. Kisha wakawapima watoto. Kuhara hakukupungua. Minyoo haikupungua. Kimo cha watoto hakikuongezeka. Matofali, saruji na milango vilikuwako. Wanaovitumia walikuwa wachache mno kiasi kwamba kinyesi kilichobaki nje kilitosha kuwadhuru watoto wote, wenye choo na wasio nacho.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuulize kwa nini.

Jawabu la haraka ni umaskini, na jawabu hilo halitoshi. Tutazame nchi jirani na India. Bangladesh ilikuwa nchi maskini kuliko India kwa miaka mingi, nayo imebanana kuliko India. Hata hivyo, kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, watu waliokwenda haja nje nchini Bangladesh walipungua kutoka asilimia 34 mwaka 1990 hadi asilimia 1 mwaka 2015. Mwaka huo huo 2015, kwa India ilikuwa bado asilimia 44. Hata Afrika iliyo kusini ya Sahara, ambayo aghalabu hutajwa ya mwisho katika kila orodha, ilikuwa na asilimia 23. Wala haikuwa kwa sababu ya elimu, kwa maana India inao wasomi wasiohesabika. Wala si maji peke yake, ingawa ukosefu wa bomba nyumbani umekuwa taabu ya kweli. Wapo wakulima wa Afrika wasio na bomba wala shule ya karibu, nao wana choo cha shimo kilichozungushiwa makuti, na wanakitumia.

Wakulima hao hutumia choo cha shimo kwa sababu kwao shimo ni shimo tu. Likijaa, mtu hufukia akachimba jingine, au huwaita watu waje walitapishe kwa malipo. Kazi hiyo haipendwi mahali popote duniani, na sisi wenyewe tunajua anavyotazamwa topasi, ambaye hata jina lake wanalugha husema lilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Lakini kwa mkulima wa Bangladesh au wa Afrika, anayezoa shimo amechafuka kwa siku ile; akioga amekwisha kutakata. Katika vijiji vingi vya India sivyo. Huko, kwa karne nyingi, kazi ya kuzoa kinyesi ilifungwa shingoni mwa watu wa tabaka fulani la kuzaliwa, wale walioitwa wasioguswa, na ambao leo wengi wao hujiita Dalit. Mzazi aliizoa, mwana akairithi, na mjukuu akazaliwa nayo. Uchafu wake haukuwa wa mikono, bali wa nasaba, na hapana sabuni ya kuutoa.

Basi mkulima wa India wa tabaka la juu, na hata la kati, anapopewa choo chenye shimo dogo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni siku litakapojaa. Nani atalizoa? Yeye mwenyewe hatathubutu, kwa kuwa atashuka hadhi na jamaa zake watamtenga. Na Wadalit, kwa haki kabisa, wengi wamekataa kuendelea na kazi iliyowadhalilisha baba zao. Wanaokubali hutaka malipo makubwa. Mkulima huyo hufanya moja katika mambo mawili. Akiwa na fedha, hujenga tangi kubwa la saruji chini ya ardhi, kubwa mara kadhaa kuliko lile linaloshauriwa na wataalamu, akitumaini kwamba halitajaa katika maisha yake. Akiwa hana fedha, hukipokea choo cha serikali, hukifunga, na kukiacha kitumiwe na wazee, wagonjwa, na mabinti usiku wa mvua. Hukitumia kwa kuiba iba, kama mtu anayebana akiba, ili shimo lisijae.

Nasi tukilielewa jambo hilo, tutaona kwamba choo kilichoachwa bila kutumiwa si dalili ya uzembe wa mwanakijiji. Ni hesabu aliyoipiga kwa makini.

Ajabu ni kwamba dawa ya tatizo hili ilibuniwa huko huko India, tena zamani. Mwaka 1970 mtu mmoja wa jimbo la Bihar, aitwaye Bindeshwar Pathak, alianzisha chama cha Sulabh kwa nia ya kuwatoa Wadalit katika kazi ya kuzoa vyoo. Yeye mwenyewe alizaliwa katika tabaka la juu kabisa, la Brahmin. Alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimgusa mwanamke asiyeguswa, na bibi yake akamlazimisha kumeza kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na maji ya Ganges ili atakasike. Alifariki dunia tarehe 15 Agosti 2023, akiwa ameyatumikia maisha yake yote jambo lile aliloadhibiwa kwalo.

Choo alichokieneza ni choo cha mashimo mawili. Sinki lake lina shingo iliyopinda, ambamo maji kidogo hubaki daima yakazuia harufu na nzi. Lita chache za maji hutosha kukisafisha. Nyuma ya choo kuna kisanduku kidogo chenye njia mbili, kila njia ikielekea kwenye shimo lake. Njia moja huzibwa. Shimo lenyewe si refu kupita kimo cha mtu, na kuta zake zimejengwa kwa matofali yaliyoachiana nafasi mfano wa sega la nyuki, ili maji yanyonywe na ardhi. Familia ya watu sita hulitumia shimo la kwanza kwa kadiri ya miaka mitatu. Likijaa, njia yake huzibwa na ya pili hufunguliwa. Shimo la kwanza huachwa limefunikwa mwaka mmoja au miwili, na kwa muda huo vijidudu hufa, harufu hutoweka, na kilichokuwa kinyesi huwa udongo mkavu mweusi ambao mkulima anaweza kuutia shambani kama mbolea. Hapahitajiki tangi la saruji, wala gari la kunyonya, wala mtu wa kudhalilishwa.

Ni chombo rahisi mno, na kina sharti moja tu: mwenye choo aamini kwamba kile kilichomo shimoni baada ya miaka miwili si kinyesi tena. Sayansi inasema si kinyesi. Nasaba inasema ni kile kile. Na sayansi haijashinda.

Wakuu wa mpango wa Swachh Bharat walilitambua hilo. Mwezi wa Februari 2017 Katibu wa wizara husika, Bwana Parameswaran Iyer, alikwenda pamoja na maofisa wa majimbo mengi hadi kijiji cha Gangadevipalli katika jimbo la Telangana, akaingia ndani ya shimo la choo lililokwisha kukaa muda wake, akazoa kilichokuwamo kwa mikono yake. Picha zilichapishwa nchi nzima. Lilikuwa tendo la ushujaa. Na asiyeona ushujaa wake na ajaribu kumfikiria katibu wa wizara yoyote anayemjua akishuka shimoni na shati lake jeupe. Gandhi angeufurahia ushujaa huo. Mwaka 1901, katika mkutano wa chama cha Congress mjini Calcutta, aliwaonyesha vijana wa kujitolea vyoo vilivyofurika. Wakamwambia kwamba hiyo si kazi yao bali ni kazi ya wafagizi. Akaomba ufagio, akasafisha choo alichohitaji kukitumia.

Lakini zingatieni kwamba kati ya ufagio wa Calcutta na shimo la Gangadevipalli imepita miaka 116, na jibu la wale vijana lingali linasikika. Katika sensa ya mwaka 2011 vilihesabiwa nchini India vyoo vipatavyo 794,000 ambavyo kinyesi chake kilizolewa na binadamu. Sheria ya kuipiga marufuku kazi hiyo ilipitishwa mwaka 1993, na nyingine kali zaidi mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru familia ya kila aliyekufa ndani ya mfereji au tangi la maji machafu ilipwe rupia milioni 1. Mwaka 2023 ikaipandisha fidia hiyo kuwa rupia milioni 3. Mahakama haipandishi fidia ya vifo ambavyo vimekoma. Mamia ya watu wamekufa kwa hewa ya sumu ndani ya matangi hayo, nao karibu wote ni wa matabaka yale yale. Tangi kubwa la saruji ambalo tajiri wa kijiji alilijenga ili asilifikirie tena katika maisha yake, iko siku litafunguliwa, na atakayeteremka ndani yake hatakuwa mtoto wa tajiri huyo.

Haraka nayo ilikuwa na madhara yake. Serikali kuu ilipoweka tarehe ya mwisho, majimbo yakawabana wakuu wa wilaya, wilaya zikavibana vijiji, na vijiji vikawabana wanyonge. Ziliundwa kamati za kuamka alfajiri kuwapigia filimbi wanaokwenda shambani. Kwingine watu walitishiwa kunyimwa posho ya nafaka wanayopewa na serikali kama hawana choo. Mwenye nguvu hapigiwi filimbi. Wiki moja tu kabla ya sherehe za Ahmedabad, katika wilaya ya Shivpuri, jimbo la Madhya Pradesh, watoto wawili wa Kidalit, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 10, walipigwa hadi kufa asubuhi walipokuwa wamekwenda haja nje. Kijiji chao kilikuwa kimekwisha kutangazwa kwamba hakina tena mtu anayekwenda haja nje. Baba wa mmoja wao aliwaeleza waandishi wa habari kwamba nyumba yake haikuwa na choo. Katika vitabu vya serikali watoto hao hawakuweza kuwa pale walipokuwa.

Hatulisemi hili ili kuibeza India. Nchi iliyojaribu jambo kubwa hustahili kupimwa kwa kipimo kikubwa, na yako mataifa mengi ambayo hayapimwi kwa kuwa hayakujaribu. Tena mpango huo haukuishia mwaka 2019. Mwaka huo serikali ilianzisha kazi nyingine ya kufikisha bomba la maji katika kila nyumba ya kijijini, kwa maana wakati huo nyumba zenye bomba zilikuwa kama 17 tu kwa kila 100, na mwanamke anayeteka maji mbali hawezi kulaumiwa kwa kutoyamwaga chooni. Mwaka 2020 ikaanza awamu ya pili ya Swachh Bharat vijijini, safari hii ikihusu taka, maji machafu, na utunzaji wa vyoo vilivyokwisha kujengwa. Ndani ya awamu hiyo limo agizo ambalo halikupigiwa ngoma wala kuhutubiwa ukingoni mwa mto, la kuwahimiza wenye choo cha shimo moja wachimbe la pili.

Agizo hilo ndilo la kutazamwa. Mashimo yaliyochimbwa kwa haraka kati ya mwaka 2014 na 2019 yamekwisha kujaa au yanakaribia kujaa, na kila moja linapojaa, katika uwanja wa nyumba moja, mbali na kamera na hotuba, mtu mmoja anasimama na jembe mkononi. Pengine ni mwenye nyumba, naye anazoa udongo mweusi na kuupeleka kwenye mboga zake. Pengine amemwita Mdalit kutoka ng'ambo ya kijiji. Pengine amefunga mlango wa choo kwa kufuli, na alfajiri amechukua kopo lake la maji na kushika njia ya shambani.